Msumari wa Kumi

Nilipanda kwenye meli saa mbili na nusu asubuhi, mtoto mgongoni, na kitu cha kwanza baba yangu alichoniambia baada ya miaka miwili ni kwamba nimemzibia mwanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sogea kidogo kushoto."

Nikasogea. Alikuwa ameinamia benchi lake la kazi chini ya mlingoti wa mbele, amebana kipande cha mti kwenye jiliwa na anakipiga tupa. Vumbi la mti lilikuwa limejaa kwenye nyusi zake. Hakushangaa kuniona, hakufurahi, wala hakuchukia. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia saa ya ukutani, akapata alichotaka kujua, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye basi tangu asubuhi ya jana. Mtoto alikuwa anaota meno na alikuwa amelia vijiji saba mfululizo. Abiria wenzangu waliacha kuninung'unikia, wakaanza kunihurumia. Macho yaliniwasha. Lakini meli ilikuwa inaondoka saa tisa maji yakijaa, na ikiondoka ingerudi baada ya miezi mitano. Mama hakuwa na uhakika wa miezi mitano.

"Huyu ndiye mjukuu wako," nikasema, nikageuka amwone.

Baba akamtazama mtoto. "Ana kilo ngapi?"

"Nane na nusu."

"Hm," akasema, kama anapima gogo.

Nikamweleza. Kwamba mama ameanguka, hii ni wiki ya tisa. Kwamba ni kiharusi, upande wote wa kulia umelala. Kwamba daktari amesema kikija kingine, na hapo daktari mwenyewe hakumalizia. Kwamba mama amenituma mimi kwa mdomo wake, maneno yakitoka moja moja: mwambie aje. Akikataa, usigombane naye.

Baba akapuliza vumbi kwenye tupa. "Nani anamhudumia?"

"Mimi."

"Anakula?"

"Vitu laini."

"Dawa anazo?"

"Anazo."

"Basi," akasema, akageuza kile kipande cha mti upande wa pili.

Ile "basi" haikuwa ya jeuri. Ningejua la kufanya na jeuri. Ilikuwa "basi" ya mtu aliyeulizia mambo matatu akakuta yote yako sawa.

Naomba nimweleze huyu mtu, maana watu wakisikia habari zake wanadhani alikuwa mkali. Hakuwa mkali. Kwenye meli ile yenye milingoti mitatu na mabaharia kumi na wanne, hakuna kazi ya mkono iliyomshinda. Alikuwa seremala, mhunzi na mshona matanga. Alitengeneza viatu, kufuli na miwani. Alinyoa nywele, akang'oa meno, akaunga mfupa uliovunjika, na mtu akifia safarini ndiye aliyechonga sanduku. Yote hayo aliyafanya kwa uso uleule. Mama alikuwa akisema huyu bwana alipimiwa mikono ya watu sita, halafu ilipofika zamu ya moyo kipimo kikaisha.

Nyumbani alikuja kila baada ya miaka miwili, siku tatu. Siku ya kwanza alizunguka nyumba akigusagusa vitu. Ya pili alirekebisha. Ya tatu aliondoka. Nilipokuwa na miaka minane nilivunja mguu wa kigoda kwa makusudi asubuhi ya siku ya tatu, ili abaki. Aliuunga kabla maji ya chai hayajachemka, akaaga.

Kwa hiyo nilijua nimekuja kuongea na nani. Hata hivyo niliongea. Nilisimama pale karibu saa nzima nikimwambia mambo ambayo hata kwenye barua sikuwahi kuyaandika, na yeye akiitikia "hm" kila niliponyamaza kupumua, mpaka sauti ikanikauka na mtoto akaanza kulia upya. Ndipo mkono mzito ukanishika bega.

"Njoo jikoni, binti Fundi," akasema mwenye mkono. "Hapo unamwagia maji jiwe ukidhani litaota."

Alikuwa mpishi wa meli, mzee mwenye tumbo na taulo begani. Jiko lake lilikuwa chumba cha kujipinda, sufuria zimening'inia kwa kulabu kila upande. Akanikalisha juu ya gunia la mchele, akanipa chai, akamchukua mtoto bila kuomba ruhusa na kumtia kijiko cha mbao mdomoni akitafune.

"Tumesafiri pamoja miaka kumi na tisa," akasema. "Mwaka juzi nilipata habari nimefiwa na kaka yangu. Nikakaa pale kwenye benchi lake, nalia. Baba yako akaja, akanitazama, akaniambia, mpishi, umekalia msumeno."

Nilicheka nikiwa na machozi. Na yeye akacheka.

"Na nilikuwa nimeukalia kweli. Sikiliza, mwanangu. Umeona ile misumari nyuma ya benchi?"

Nilikuwa nimeiona. Ubao mrefu wenye misumari kumi, imepangwa kwa mstari, na karibu kila mmoja una kitu kinaning'inia.

"Huyu haombwi. Ukimwomba anasikia upepo. Wewe tundika kitu kilichoharibika, nenda zako. Anaanza wa kwanza kushoto, anamaliza wa kumi. Awe Nahodha, awe mfagia sitaha, hakuna kurukwa. Kilichotundikwa kitatengenezwa, na kitatengenezwa vizuri. Kisichotundikwa, kwake hakijatokea."

"Nitatundika nini, Mzee? Nimtundike mama?"

Mpishi akatazama chini, miguuni kwangu. "Hizo ndara alishona yeye, sivyo? Naijua mishono yake."

Zilikuwa za mama. Ndara za ngozi, alizitengeneza baba miaka mingi nyuma akazituma kwa mtu. Zangu zilikatika siku ya kuondoka, nikachomeka miguu kwenye za mama zilizokuwa kando ya kitanda, maana yeye hakuwa na safari. Nikazivua nikaziangalia. Ya kushoto ilikuwa imelika kidogo kisigino, kama kiatu chochote. Ya kulia, pale kwenye kidole gumba, ngozi ilikuwa imesagika mpaka inaonekana nyuzi.

Nikarudi sitahani, nikaitundika ya kulia kwenye msumari wa kumi. Baba hakuinua kichwa.

Ilikuwa saa nne. Mbele yangu kulikuwa na vitu tisa.

Wa kwanza ulikuwa na kapi la kamba, gurudumu lake limepasuka. Kile kipande alichokuwa anakipiga tupa kilikuwa chake. Wa pili ulikuwa na kitambaa chekundu, na chini ya kitambaa alikaa baharia mwenye shavu lililovimba kama amebana embe. Alikuwa ametundika kitambaa kwa niaba ya jino lake. Baada ya hapo birika lisilo na mkono, kiti cha kukunja cha Nahodha, wembe, ndoo, mkanda, buti moja, na sanduku dogo lenye bawaba iliyovunjika.

Kapi peke yake lilichukua zaidi ya saa mbili. Alitia gurudumu, akalitoa, akalipiga tupa mara mbili, akalitia tena, akalizungusha karibu na sikio. Nilikuwa natembea sitahani mguu mmoja na ndara, mguu mmoja peku, mbao zimeanza kupata moto, namtikisatikisa mtoto.

"Umekuwa kama kuku aliyeumia," mpishi akaniambia akipita. Akatazama jua, akatazama misumari, akahesabu kwa kidole. Kisha akaenda pale, akanyanyua birika lake kwenye msumari, akaondoka nalo.

Baba akaona. "Birika lilikuwa hapa."

"Limepona," akasema mpishi.

Sijui alikwenda kusema nini huko chini. Najua tu kwamba baada ya muda akatokea mtu mmoja mrefu, akachukua wembe wake, akaniambia, "Dada, ndevu hazina haraka." Akaja mwingine akachukua ndoo. Mwenye mkanda alijifunga kamba kiunoni mbele yangu, akaninyooshea mikono kama mtu anayeonyesha suti mpya. Buti liliondoka, sanduku likaondoka. Watu hawa walikuwa wamepakia shehena tangu alfajiri, walikuwa wanatembea kama wamefungwa mawe miguuni, na kila mmoja alipanda ngazi ile ya mwinuko kwa ajili ya kuchukua kitu kibovu na kurudi nacho kikiwa bado kibovu. Nilisema asante mpaka neno likaisha ladha.

Mwenye jino pekee hakuondoka. Nilipomwangalia alikwepa macho yangu.

"Mjukuu wetu nampenda," akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "lakini jino, dada, ni jino."

Sikuweza kumlaumu. Baba alimwinamisha kichwa, akatia koleo, akavuta kwa mkono uleule anaovutia misumari kwenye mbao kuukuu. Likatoka. Alilitazama jino kwenye mwanga, akalitupa baharini, akampa maji ya chumvi. "Wa tatu," akasema.

Kwenye wa tatu hapakuwa na kitu. Kwenye wa nne kilikuwepo kiti cha Nahodha, na hicho hakuna aliyethubutu kukigusa. Saa saba ilikuwa imepita. Kiti kile kilikuwa kimevunjika maungio mawili, na mimi ni binti wa seremala: kukata, kutia gundi, kubana, kungoja ikauke. Gundi haibembelezwi.

Nahodha mwenyewe alishuka kuulizia kapi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, sauti imeharibika kwa kupigia watu kelele dhidi ya upepo. Akaona misumari mitupu.

"Meli yangu imepona ghafla?"

Mpishi akamnong'oneza. Nahodha akaniangalia, akaangalia mguu wangu wa peku, akaiangalia ile ndara kule mwisho. Nikamwamkia. Akaitikia huku akivuta pumzi ndefu ya mtu ambaye hajakaa tangu asubuhi.

"Nilikaa chini miaka mingi kabla sijapata kiti," akasema, akakitungua mwenyewe.

Baba akafuta mikono, akatembea kando ya ubao, nne, tano, sita, mpaka kumi. Akachukua ndara.

Moyo ulikuwa unanipiga mpaka mtoto mgongoni akanyamaza kuusikiliza. Baba akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye mishono, mmoja mmoja, hana haraka.

"Hii nilishona mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Haina ubovu. Imelika tu. Vaa."

Akaninyooshea. Sikuipokea. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kulia kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo, na nadhani uchovu ndio ulionisaidia, maana ningekuwa na nguvu ningeanza tena kuongea. Nikavua ya pili, ya kushoto, nikaiweka mbele yake kwenye benchi.

"Angalia zote mbili."

Akaziweka pamoja. Akainama. Akazipindua, nyayo juu, na hapo nikaona uso wake ukibadilika. Haukuwa na huzuni, ila ulikuwa wa mtu aliyekuta kitu ambacho hakikai sawa.

"Huyu haviinui vidole vya kulia," akasema. "Anaburuta. Uzito wote anautupa kushoto. Sakafu ni ya saruji." Akaileta karibu zaidi na macho. "Anatembea palepale, anakwenda anarudi. Hatua nane, kumi."

"Kutoka kitandani mpaka mlangoni."

"Mlangoni kuna nini?"

"Anaangalia kama unakuja."

Akaiweka ndara kwenye benchi. Kamba ziligongagonga kwenye mlingoti juu yetu. Kisha akauliza, "Kizingiti kina kimo gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Kirefu mno kwa mguu wa namna hii. Ukutani kuna cha kushikia?"

"Hakuna."

"Mkono gani mzima?"

"Wa kushoto. Lakini peke yake hauwezi kitu. Anataka kumpokea mtoto, hata fundo la mbeleko linamshinda. Analivuta, analivuta, halafu anageukia ukutani."

"Kitanda kina kimo gani?"

Aliuliza maswali kumi na mawili au kumi na matatu. Nilijibu yote. Ukiacha lile la mkono, hakuna hata moja lililomhusu mama; yalihusu mlango, kitanda, ukuta, choo kipo hatua ngapi. Lakini kufikia la mwisho nilikuwa nimeielewa nyumba yetu kama mtu anayeishi humo na upande mmoja wa mwili.

"Kazi hii haifanyiki hapa," akasema.

Akafungua mfuko wake wa turubai akaanza kupanga: patasi, randa ndogo, keekee, nyundo mbili. Alizifunga kila moja kwenye kitambaa chake. Nikasimama peku nikimwangalia, naogopa kutikisika nisije nikaharibu.

Nahodha alimkuta akifunga mfuko. Ilikuwa saa nane na robo.

"Fundi, unakwenda wapi?"

"Kuna kazi nchi kavu."

"Ya muda gani?"

"Mpaka iishe."

Nahodha akazitazama ndara kwenye benchi. Hakuwa mjinga. "Hiyo haiishi, ndugu yangu."

"Basi," akasema baba. Ilikuwa ileile ya asubuhi. "Kapi liko tayari. Pampu nimeikagua. Tanga la mbele lina kiraka kipya. Siku sita mpaka bandari nyingine mtafika, huko tafuteni fundi."

"Miaka thelathini na moja, ndiyo kwaheri yenyewe hiyo?"

Baba akafikiri. Nadhani kweli alitafuta kama kuna kitu amesahau. "Tupa kubwa ni ya meli," akasema. "Nimeiacha kwenye droo."

Nahodha akatikisa kichwa akiniangalia mimi. "Ningejua ningekiacha kiti palepale."

"Nimechelewa kukitengeneza?" baba akauliza.

"Hapana. Nilikitungua mwenyewe."

"Kama hakijatundikwa, sina habari nacho," akasema baba, na Nahodha akacheka mpaka akakohoa, akampa mkono. Baba aliupokea kama mtu aliyepewa chombo ashike kwa muda.

Mpishi aliniletea ndara za mama kutoka kwenye benchi, na kile kijiko cha mbao kilichojaa alama za meno mawili. "Usitegemee atakubembeleza huko," akaninong'oneza. "Na mwambie mama asitegemee."

"Hatutegemei, Mzee."

"Lakini nyumba itanyooka."

Tulishuka kwenye gati. Baba alitangulia hatua tatu, kisha akasimama, akageuka, akatazama kifuani kwangu.

"Fundo hilo litateleza."

"Ndivyo ninavyofunga siku zote."

"Inama."

Nikainama, mtoto kalala mgongoni. Akaweka mfuko chini, akafungua fundo, akaikaza mbeleko, akafunga upya. Mikono yake ilinuka lami na chuma. Mkono mmoja aliubana chini ya mtoto asishuke, na mtoto akamshika kidole. Baba akangoja kidole kiachiwe, kama mtu anayengoja gundi, kisha akaendelea.

"Ni fundo la wapanda mlingoti," akasema. "Mkono mwingine unakuwa umeshika kamba. Uzito hauliwezi. Ncha hii ukiivuta mara moja, linafunguka. Kwa mkono wa kushoto."

Kwenye basi alilala akiwa amekaa wima, mfuko katikati ya miguu.

Tulifika nyumbani kesho yake alasiri. Mama alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo, na jirani yetu aliyekuwa akimwangalia alikuwa amemshika kiuno. Baba alimsalimu. Mama akaitikia, neno likatoka limepinda. Baba akaangalia mguu wake wa kulia, akapiga goti hapohapo kwenye kizingiti, akatoa kipimo.

Nilimrudisha mama kitandani, nikakaa ukingoni nikimpa mgongo kidogo ili mtoto awe juu ya godoro. Nikaichukua ncha nikaiweka kwenye kiganja chake cha kushoto. Akaniangalia kwa wasiwasi. Alikuwa amechoka kushindwa. Akavuta. Fundo likafunguka, mbeleko ikalegea, mtoto akateleza taratibu akakaa ubavuni kwake na kuanza kumvuta pua.

Mama alikaa hivyo kwa muda mrefu, mkono wake umemzunguka mtoto. Mlangoni msumeno ulikuwa umeshaanza.

"Atakaa?" akauliza.

"Kuna kizingiti, Mama. Na cha kushikia ukutani, kutoka hapa mpaka chooni. Na kitanda."

Akahesabu moyoni. Alimjua mtu wake. Kwake hizo zilikuwa siku tano, labda sita. Akageuza kichwa polepole kuelekea upande mwingine wa chumba.

"Dirisha," akasema, akivuta kila silabi, "nalo halifungi."

Dirisha letu linafunga vizuri kabisa. Nikanyanyuka, nikachukua kisu cha mezani, nikaenda kulegeza bawaba.